48 ya Bwawa Gani?

Mdogo wangu wa Kigamboni, barua yako nimeisoma na picha ya ukurasa wa daftari lako nimeiona. Umeandika "50: 48, 51, 47, 55, 49", yaani sekunde zako za mita 50, kisha ukauliza kwa nini miezi inapita na hushuki chini ya 47, na kama ni bora uachane na mambo ya saa urudi kuogelea kwa raha zako. Kwanza pole. Pili, raha na saa vinakaa pamoja vizuri tu. Tatu, kabla sijakujibu nina swali langu: hiyo 48 ni ya bwawa gani?

Siulizi kwa ubishi. Ukiambiwa nyanya ni elfu mbili, utauliza ni kwa kilo au kwa fungu, na kama ni kwa fungu utataka ulione hilo fungu lenyewe. Muda wa kuogelea nao ndivyo ulivyo. Ulikuwa kwenye bwawa la mita 25 ukageuka mara moja, au lile la hoteli uliloniambia mnaingia Jumapili? Uliruka kutoka ukingoni, au ulijisukuma ukutani ukiwa tayari ndani ya maji? Ilikuwa mita 50 ya kwanza baada ya kupasha misuli, au ya nane ukiwa hoi? Nani alishika saa? Huenda namba zako tano zinaeleza mambo matano tofauti, na wewe umezipanga mstari mmoja ukataka zishuke kwa adabu.

Hilo ndilo neno langu la leo na nitalirudia mpaka mnichoke: linganisha muda na muda mwenzake wa mazingira yaleyale, au usilinganishe kabisa.

Tuanze na bwawa, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Mashindano makubwa hufanyika kwenye mabwawa ya aina mbili, ya mita 50 na ya mita 25. Ukiogelea mita 50 kwenye bwawa la 25 utageuka mara moja njiani, na kugeuka huko kunakupa ukuta wa kujisukumia. Mwogeleaji hana kasi kubwa popote kama pale anapoingia majini baada ya kuruka na pale miguu inapoachia ukuta. Baada ya hapo ni kujitahidi tu kasi isipotee. Ndiyo maana mtu yuleyule, wiki ileile, hupata muda mzuri zaidi kwenye bwawa fupi. Watazameni wakubwa wenyewe. Desemba 2009 César Cielo wa Brazil aliweka rekodi ya dunia ya mita 50 mtindo huru kwenye bwawa refu kwa sekunde 20.91. Desemba 2024 kule Budapest, Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman akaogelea umbali uleule kwenye bwawa la mita 25 kwa sekunde 19.90, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya 20. Hakuna aliyesema Crooks kampokonya Cielo rekodi. Kila bwawa lina orodha yake. Na hata hiyo ya Cielo ina maelezo yake pembeni: iliwekwa enzi za yale mavazi ya plastiki yaliyowafanya watu waelee kuliko kawaida. Mashindano ya dunia ya Roma ya 2009 peke yake yalizaa rekodi 43 za dunia, na mavazi hayo yakapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2010, wiki mbili tu baada ya Cielo kuweka rekodi yake. Kama wao huambatanisha vazi na bwawa kwenye kila muda, sisi tunaogelea na bukta ya dukani kwa nini tuandike namba tupu?

Mabwawa ya hoteli ndiyo mtihani. Wabunifu wake wanapenda umbo la figo, lenye kona za kupigia picha, na kibao cha urefu hakipo. Ukimwuliza mhudumu atakwambia "hili ni ishirini na tano" kwa sababu kila mtu husema hivyo. Nenda na futi ya fundi ujenzi, ile ndefu ya kukunjua, mpime wewe na mwenzako ukingoni. Ukikuta ni mita 18 au 21, usianze kupiga hesabu za kuligeuza liwe 25. Andika "bwawa la hoteli, urefu mmoja" au "bwawa la hoteli, urefu nne", na muda huo uulinganishe na wa bwawa hilohilo basi. Bwawa lisilojulikana urefu bado ni kipimo kizuri, mradi lisibadilike. Ila wa mabwawa hayo nawaomba msiruke kwa kichwa. Kina chake mara nyingi ni cha kusimama, na shingo haina akiba.

Mnamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta? Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, mita 100 mtindo huru. Wenzake wawili kwenye kundi lake waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki kuogelea peke yake mbele ya uwanja mzima, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Walimwengu walicheka, kisha wakamshangilia. Muda ule ukiuweka kando ya ule wa washindi unaonekana kichekesho. Uweke kando ya mazingira yake: alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi tu, kwenye bwawa dogo la hoteli, na bwawa la mita 50 alikuwa hajawahi kuliona mpaka alipofika Sydney. Miaka minne baadaye alikuwa ameshuka chini ya sekunde 57. Sasa hapo ndipo pa kukaa na kutafakari: dakika moja karibu nzima imepungua! Huyo ndiye mtu wa kulinganisha na wewe, kwa sababu alipambana na muda wake mwenyewe. Baadaye alipewa timu ya taifa lake aifundishe.

Turudi kwenye kuanza. Anayejua kuruka vizuri kutoka ukingoni hupata nafuu ya sekunde moja, pengine mbili, kuliko anayejisukuma ukutani. Wewe unayeshindania kupunguza sekunde moja utaona mwenyewe jinsi kuruka leo na kujisukuma Alhamisi kunavyoweza kukuliza bila sababu. Kwa mazoezi nawashauri wote mjisukume ukutani, kila siku, na neno "ukuta" liandikwe kando ya muda. Siku ya gala, yaani ya mashindano, mkaruka, andikeni "kuruka". Na amueni mara moja saa inaanza lini: mguu unapoachia ukuta, au mshika saa anapopiga mluzi. Mimi naona mguu kuachia ukuta ni rahisi kwa anayejipima mwenyewe, lakini sina ugomvi na mluzi. Ugomvi wangu ni na anayebadilisha kila wiki.

Kuhusu saa yenyewe, msinitumie picha za simu zenye sekunde 48.37 mkaniambia wiki iliyopita ilikuwa 48.52 na mmeimarika. Kidole cha rafiki yako kinachelewa kuwasha, na wakati wa kuzima kinakuona unakuja, kinabonyeza mapema. Tofauti ya pointi moja mbili hapo ni ya kidole. Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mbio za mita 400 za mchanganyiko wa mitindo, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani waligusa ukuta pamoja, ubao ukaonyesha wamelingana mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Mitambo ikachimbuliwa zaidi: 4:31.981 kwa 4:31.983. Larsson akapewa dhahabu kwa elfu mbili za sekunde. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo haifiki hata milimita tatu za maji, na hakuna fundi anayeweza kujenga bwawa ambalo njia zake zote zinalingana kwa milimita tatu. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa, muda ukawa unahesabiwa mwisho wake sehemu ya mia, na wakilingana hapo wote wawili ni washindi. Mwaka 2016 kule Rio, Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada waligawana dhahabu ya mita 100 kwa sekunde 52.70 kila mmoja, na mbingu haikuanguka.

Pale ambapo hakuna mitambo, mashindano hutumia saa tatu za mkononi kwa kila njia. Zikilingana mbili, huo ndio muda. Zikitofautiana zote, unachukuliwa wa katikati. Saa tatu, tena zimeshikwa na watu waliofundishwa. Wewe una binamu yako na simu yenye kioo kilichopasuka. Basi andika sekunde kamili, au nusu sekunde ukipenda makuu, na ujue kwamba badiliko la kushangilia kwenye mita 50 ni lile la sekunde nzima linalojirudia wiki hata wiki.

Tena binamu mwenyewe humhitaji kila siku. Kwenye mabwawa ya klabu kuna ile saa kubwa ya ukingoni yenye mshale wa sekunde unaozunguka bila kusimama. Ondoka mshale ukiwa juu kabisa, ogelea, gusa ukuta, inua kichwa usome. Kama bwawa lenu halina, saa yoyote ya ukutani ya sebuleni yenye mshale wa sekunde unaoonekana itafaa. Iegemezeni mahali pakavu. Ni raha ya pekee kuisoma saa mwenyewe huku unahema. Hakuna wa kukupa pole wala wa kukupunguzia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda, na hapa nitakaa. Mdogo wangu, daftari lako lina muda mmoja mmoja, ule wa "leo niliweza ngapi". Huo nauita muda wa majigambo. Una nafasi yake, mara moja kwa mwezi hivi, lakini maendeleo hayaonekani hapo kwanza. Huonekana kwenye kurudiarudia. Chukua mita 50 mara kumi, ondoka kila baada ya dakika moja na nusu, na uandike zote kumi. Nikutungie mfano. Mwezi wa kwanza umepata 52, 52, 53, 55, 56, 58, 59, 61, 60, 57. Wiki sita baadaye, bwawa lilelile, ukuta uleule, mapumziko yaleyale, umepata 54, 54, 54, 55, 54, 55, 55, 55, 54, 53. Anayeandika ule mzuri tu atasema umerudi nyuma: ulikuwa na 52, sasa una 53. Jumlisha sasa. Mara ya kwanza zote kumi zilikula sekunde 563, mara ya pili 543. Umepunguza sekunde mbili kwa kila mita 50, tena ya mwisho ndiyo ya kasi kuliko zote. Mwanzoni ulikuwa unaondoka kama unafukuzwa na polisi, katikati unazama. Sasa unajua kugawa nguvu. Hayo ndiyo maendeleo, na yangepotea kabisa kwenye ukurasa wako ule.

Ukiangalia safu ya namba kumi namna hiyo inakusemesha. Zikipanda taratibu mpaka mwisho, pumzi haijakaa, au ulianza kwa pupa. Zikipanda ghafla kwenye ya tano, jiulize mtindo uliharibikia wapi: mara nyingi miguu imeacha kupiga na nyonga zimeshuka. Zikiyumba ovyo, 53, 58, 54, 59, huna mwendo wako bado. Hujui 55 inafanana vipi mwilini. Dawa ya hilo ni mchezo ambao napenda kuwapa hata watoto: gusa ukuta, kabla hujatazama saa sema kwa sauti unadhani umepata ngapi. Mwanzo utakosea kwa sekunde tano. Ukifika mahali unakosea kwa moja, mwili wako umeshapata saa ndani yake, na kuanzia hapo kupanga mbio kunakuwa jambo la kuamua, si la kubahatisha.

Kwa mnaoogelea masafa kidogo, kuna kipimo kingine kinachohitaji kalamu. Pasha misuli vizuri, ogelea mita 400 kwa nguvu uliyo nayo, pumzika mpaka urudi kawaida, kisha mita 200 vilevile. Tuseme 400 umetumia dakika 8 na sekunde 40, na 200 umetumia dakika 4 na sekunde 10. Toa ule mdogo kwenye ule mkubwa: unabaki na dakika 4 na sekunde 30. Gawa kwa mbili: 2:15. Hiyo ndiyo kasi yako ya kila mita 100 unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu bila kuzimika. Basi mazoezi yako ya wiki yaweke hapo: mita 100 mara nane kwa 2:15, ukipumzika sekunde 15 au 20 tu katikati. Ukiona nane zote zinaingia bila kuhangaika, rudia kipimo. Kila wiki ni mapema mno. Upe mwili mwezi mmoja, mwezi na nusu.

Kisha hesabu mikono. Muda peke yake haukuambii umeupataje. Mtu anaweza kupata sekunde 26 kwa mita 25 kwa kupiga mikono 24 akitapanya maji, na mwingine akapata 27 kwa mikono 20 na nusu ya jasho. Wapo wanaojumlisha vitu viwili hivyo, sekunde na mikono, wakapata 50 kwa yule wa kwanza na 47 kwa huyu wa pili, na kutafuta jumla ishuke. Kipimo kizuri, lakini kina mtego: unaweza kuishusha kwa kuteleza majini mpaka karibu usimame baada ya kila mkono, ukajiona fundi kumbe umegeuka gogo. Jumla ishuke na muda usipande. Na tafadhali usimwulize mwenzako ana mikono mingapi. Ana urefu wake, una wako.

Pembeni ya ukurasa acha nafasi ya maisha. Hapa nasema na wasichana hasa. Weka alama siku ya hedhi. Wapo ambao haiwagusi kabisa, wapo ambao siku mbili kabla mikono inakuwa mizito kama wamefungwa mawe, na hakuna kocha wala makala ya kukwambia wewe uko kundi gani. Miezi minne mitano ya alama ndogo za kalamu nyekundu itakwambia. Ukishajua, hutajipangia kipimo siku hiyo ukalia. Na kama damu ni nyingi kila mwezi, muda unapanda kwa wiki kadhaa mfululizo, na ngazi za nyumbani zinakukatisha pumzi, usitafute mbinu mpya ya kupiga mikono. Nenda zahanati upimwe wingi wa damu.

Malaria nayo iandikwe, na wiki baada ya malaria usipime kitu, ogelea tu. Ramadhani iandikwe: anayeogelea jioni kabla ya futari hawezi kuupima mwili huo na wa Shaaban. Wengi huhamishia mazoezi baada ya tarawehe wakapunguza masafa, na ni uamuzi mzuri. Fungua ukurasa mpya, ukiisha mwezi endelea na wa zamani. Ukilala kwa saa nne tu kwa sababu ya mtihani au ya mtoto, andika hivyohivyo: "usingizi saa nne".

Nywele je? Nilijua mtaniuliza. Ukisuka rasta ndefu, kofia ya kawaida inabanduka au inabaki imevimba nyuma, na kichwa kilichovimba kinavuta maji. Kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele zetu zipo. Ile ya kampuni ya Soul Cap ilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, watu wakapiga kelele, na Septemba 2022 shirikisho la kimataifa likaikubali kwa mashindano. Kwa daftari lako jambo ni dogo: wiki uliyosuka, andika umesuka.

Mama wa Mwanza, wewe umeniandikia kuhusu mwanao wa miaka kumi ambaye mwaka jana alikuwa anapunguza sekunde kila gala na mwaka huu amekwama, na mtoto wa jirani anampita. Nitasema wazi kwa heshima. Mtoto akikua, mikono inarefuka na muda unashuka wenyewe, hata kama mazoezi ni ya kawaida. Wengine huanza kurefuka mapema, wengine wanachelewa miaka miwili mitatu, na kwa wasichana balehe inaweza kusimamisha muda kwa kipindi kirefu huku mwili unajipanga upya. Kwa hiyo mtoto wa jirani anaweza kuwa anashinda kwa sentimita, na sentimita hazifundishwi. Mtunzie daftari la mashindano tu, la mazoezi mwachie kocha. Karatasi iliyobandikwa kwenye friji, ile yenye muda wake na wa jirani, iondoe leo. Na siku ya gala saa usiishike wewe. Mtoto akitoka majini anatafuta uso wa mama yake, na uso ulioinamia simu unasoma namba haumfai kitu. Akikwambia mwenyewe "leo nimegeuka vizuri", huo nao ni muda wa kuandika.

Na hata walio juu kabisa hawashuki moja kwa moja. Jason Dunford wa Kenya, Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mita 100 kipepeo: kwenye mchujo aliogelea sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki. Rekodi ikadumu dakika chache tu, mpaka kundi lililofuata, Milorad Čavić wa Serbia alipoivunja. Kwenye fainali Dunford alikuwa wa tano, kwa muda wa polepole kuliko ule wa mchujo. Siku mbili, mtu mmoja, bwawa moja, umbo moja la mwili. Miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi. Sasa wewe wa Kigamboni umeona 49 baada ya 47, unataka kuacha?

Kuna aliyeuliza kama anunue saa ya kisasa ya mkononi inayohesabu yenyewe. Kama pesa ipo, nunua. Kama ni kuchagua kati ya saa hiyo na miezi ya kiingilio cha bwawa au kocha wa kukurekebisha mtindo, hapo hapana mjadala. Saa hizo hukuomba uingize urefu wa bwawa, na ukiidanganya 25 kwenye bwawa la 21 itakudanganya na wewe kwa uaminifu mkubwa. Inatambua mzunguko kwa jinsi mkono unavyokwenda, kwa hiyo ukisimama katikati kurekebisha miwani inaweza kudhani umegeuka, na ukishika ubao ukapiga miguu tu inaweza isihesabu kitu. Ikikupa mita 1,025 na wewe unajua ulifanya 1,000, jiamini wewe.

Wa mwisho ni kijana wa Nungwi, anayeogelea baharini na kushangaa kwa nini kutoka mtumbwini mpaka mwambani leo ni dakika 14 na kesho ni 19. Mdogo wangu, bahari ina mwendo wake. Maji yakijaa yanakuchukua, yakipwa yanakurudisha, na siku za bamvua yanakwenda kwa nguvu kuliko siku za maji mafu. Ongeza upepo wa kusi au kaskazi juu yake. Huwezi kulinganisha siku mbili hapo hata kwa dawa. Ukitaka kipimo cha bahari, nenda na kurudi njia ileile, wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa, kisha andika muda wa jumla pamoja na hali ya maji na upepo. Hata hivyo mimi ningepima kwa dakika za kuogelea bila kusimama na kwa idadi ya mikono kwa dakika, vitu ambavyo mkondo hauvigusi sana. Wavuvi wa hapo kwenu wanajua saa za maji kuliko programu yoyote ya simu. Waulize asubuhi kabla hujaingia, jifunge boya la rangi kali kiunoni, na usiende bila mwenzako.

Na hilo la kujipima unaogelea urefu mzima chini ya maji bila kuvuta pumzi, mlioniuliza wawili: sitawafundisha. Watu hupoteza fahamu majini namna hiyo bila dalili ya kuwaonya, hata waogeleaji hodari, hata kwenye maji ya kifuani. Kigamboni, nitumie ukurasa mpya ukishapima zile kumi, na jina la bwawa liwe juu kabisa.